Kutoa Maji

Walisema nina mawazo.
Walilisema kwa sauti ile ya kutajia homa,
upande wa pili wa turubai, mvua ikipiga bati la kituo,
na mimi karani, kalamu sikioni,
napima majani ya chai ya watu
mara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
foleni imefika migombani kwa akina Mwaisumo.

"Dada Tusajigwe, gunia ni lilelile!"
Najua ni lilelile.
Lakini mwaka juzi, mwezi wa nne, niliandika kumi na nne
mahali pa arobaini na moja,
bibi Nsubile akaondoka na hesabu pungufu.
Kesho yake alirudi, nikasahihisha, akacheka, yakaisha.
Kwake yakaisha.

Kwangu namba huamka usiku.
Saa nane, ukungu umeegemea dirisha,
moyo unatwanga kinu kisicho na mahindi,
vidole vimeganda kama vya mtu aliyefua mtoni Juni,
najisemea: ndiyo hii, nakufa.
Kukicha sijafa, naona aibu
ya kutokufa.

Mama alileta maji ya upako. Mjomba akaleta mizizi.
Nilikunywa vyote.
Nikaacha kwaya, nikaacha kusuka nywele,
hata mbalaga ya mama, chungu kizima, ikapoa mbele yangu.

Chumba cha mwisho hospitalini, kando ya stoo ya vitanda vibovu,
Bwana Luvanda, mtu wa Makete, sweta limefumuka kiwiko,
hakuniambia "jikaze."
Aliuliza kazi yangu.
Nikamweleza: majani yakija na mvua
tunapima, halafu tunatoa.
Uzito wa gunia, tunatoa.
Maji, tunatoa.
Kinachobaki ndicho chai.

Akakuna kile kiwiko.
"Na wazo likija limelowa,
wewe unaliandika lilivyo?"

Daftari la kurasa themanini.
Nikapiga mistari kwa rula ya mwanangu:
huku lililotokea, huku nililojiambia,
huku ushahidi, kama baraza la ardhi,
nani aliona, lini, mara ngapi.
*Meneja hakunisalimia. Ananifukuza kazi.*
Ushahidi: shavu lake lilikuwa limevimba, jino.
Toa gunia. Toa maji.
Kikabaki: meneja hakunisalimia.
Kilo moja na robo, labda.

Sikuamini, niseme kweli.
Wiki ya tatu nilichana ukurasa nikawashia moto,
nikaenda kumwambia Luvanda
karatasi haiijui saa nane ya usiku.
"Haiijui," akasema. "Iambie wewe."
Kisha akanipa kazi: Jumatano, gunia moja,
pima mara moja tu. Andika. Nyamaza.
Ngoja uone nani atakufa.

Jumatano ikanyesha ya Rungwe, ile isiyopiga hodi.
Gunia la Ambakisye.
Mshale ukacheza, ukatulia.
Thelathini na mbili, toa tatu.
Nikaandika.
Mkono ukataka kurudi kwenye mzani
kama ng'ombe anayelijua zizi;
nikautia mfukoni, ukatetemeka humo peke yake.
Gari la kiwanda likaja, likapakia, likaondoka.
Ambakisye akauliza kama nina kiberiti.

Saa nane bado huja.
Juzi ilikuja, ikakuta taa imewaka,
daftari gotini, mimi nimejitanda shuka,
namwuliza mgeni wangu bila haraka:
wewe jumla kilo ngapi,
na maji humo ni kiasi gani?

Halikujibu, lile wazo.
Nikaandika hivyo, *halikujibu*,
na jogoo wa akina Mwaisumo akawika gizani,
amekosea saa kama kawaida yake,
wala hakurudia.